Pumzi ya Mheshimiwa

Msafiri anayetaka kufika nchi ya Shangwe asihangaike na ramani. Aulize tu nchi ambayo watu huvuka mto kwa mtumbwi pembeni mwa daraja jipya, na atakayemjibu kwa aibu kidogo, huyo ndiye mwenyeji.

Daraja lile si bovu. Ni kwamba halijazinduliwa. Sheria ya kwanza ya Shangwe, ambayo mtoto hufundishwa kabla hajajua kuandika jina lake, inasema kitu chochote cha umma hakitumiki mpaka aje mgeni rasmi, akate utepe, aseme maneno machache ya saa mbili, na kwaya ya wafanyakazi iimbe. Sheria ni ya busara. Bila utepe, mtu atajuaje kwamba bomba ni bomba? Anaweza kufungua maji akanywa, kumbe anakunywa kitu ambacho serikali bado haijakitambua.

Katika mji mkuu wa nchi hiyo kuna Hospitali Kuu ya Mafunzo, na ndani yake Wodi ya Kifua. Wodi ilijengewa madirisha makubwa kumi na mawili, kwa ushauri wa wataalamu waliosema mgonjwa wa mapafu anahitaji hewa. Madirisha nayo yalikuwa hayajazinduliwa. Kila moja lilifungwa utepe mwekundu, na chini yake wagonjwa arobaini na mmoja walilala wakikoholeana usoni kwa amani, maana Shangwe haina ubaguzi.

Kwenye kona ya wodi, chini ya nailoni, ilikaa mashine ya kupimia pumzi. Ilikuwa imekaa hapo miezi kumi na minne. Mgonjwa angepuliza kwenye kibomba chake, nayo ingetoa karatasi ya kueleza mapafu yake yamebakiwa na kiasi gani. Mlinzi aliajiriwa mahususi kuilinda, na kazi yake ilikuwa kuhakikisha hakuna anayepumua karibu nayo.

Huko ndiko alikofika Dk. Subilaga Mwaipopo, binti wa miaka ishirini na saba, kusomea ubingwa wa magonjwa ya kifua. Alifika na koti jeupe alilolipiga pasi mwenyewe, stetoskopu, na daftari jipya. Jambo la kwanza aliloliandika kwenye daftari hilo lilikuwa sentensi ya mwalimu wake, Profesa Kihwelo: *Kifua hakijui cheo. Kisikilize, kisha andika ulichosikia.*

Aliiandika kwa wino wa bluu na kuipigia mstari kwa rula.

*

Profesa Kihwelo alikuwa mtu mwembamba, mwenye mvi chache na kikohozi kidogo alichosema ni vumbi la chaki. Kila Jumanne alipita raundi, na raundi yake ilikuwa na mpangilio wake: yeye mbele, nyuma yake madaktari bingwa, kisha wanaosomea ubingwa, kisha wanafunzi, na mwisho kabisa nesi akisukuma kitoroli cha mafaili. Alipofika kitandani alinyoosha kidole, na watu thelathini walinyamaza kama wako kwenye ibada. Aligonga mgongo wa mgonjwa kwa vidole viwili, akasikiliza. Siku ambayo stetoskopu haikuwapo aliweka sikio lake moja kwa moja juu ya mgongo, hata wa mtu aliyetoka jasho, na akawafundisha vijana wake kufanya vivyo hivyo.

Tena aliwafundisha kipimo kisichohitaji kifaa chochote. Mgonjwa avute pumzi moja, ahesabu kwa sauti mpaka imwishie. Mtu mzima hufika arobaini hivi. Anayeishia ishirini ana jambo. Anayeishia kumi, daktari asikae chini.

Mzee Luhende, wa kitanda cha tisa, aliishia tisa. Alikuwa amepasua mawe miaka ishirini na miwili kwenye machimbo ya kokoto ya Mlima Mweupe, na vumbi la kule lilikuwa limekaa kifuani mwake kama limepanga chumba. Kwa bahati nzuri Shangwe ilikuwa na Sheria ya Vumbi, mojawapo ya sheria nzuri kabisa duniani: mfanyakazi wa machimbo aliyepoteza zaidi ya nusu ya pumzi yake ataondolewa kwenye mawe, atalipwa mshahara mpaka mwisho wa maisha yake, na atapelekewa oksijeni nyumbani. Sharti lilikuwa moja tu, kwamba pumzi hiyo ipimwe na mashine. Masikio ya madaktari sheria haikuyataja.

"Mashine ikifunguliwa tu, baba, wewe ndiye wa kwanza kupuliza," Subilaga alimwambia. "Nakuahidi."

"Umeshasema, daktari mwanangu, basi mimi sina wasiwasi." Akapumzika kidogo, akaongeza: "Na kupuliza naweza. Mke wangu akikutana nawe muulize nani alikuwa anapuliza jiko la kuni pale nyumbani. Yeye alikuwa anakaa tu kunisifia."

Akacheka, na kicheko kikageuka kikohozi cha dakika tano.

Jambo moja lilimpa Subilaga tumaini kuliko yote. Mashine ilikuwa ngeni. Kabla ya kufanya kazi ilipaswa kuambiwa pumzi ya mtu mzima wa Shangwe ni kiasi gani, ndipo iweze kumlinganisha mgonjwa. Profesa alimpa yeye kazi hiyo kama utafiti wake wa ubingwa. Kwa kuwa mashine haikuruhusiwa kuguswa, Subilaga alichukua chupa ya lita kumi, akaijaza maji, akaipindua kwenye beseni, akaingiza mpira wa kupulizia. Alizunguka na beseni lake mwaka mzima na nusu. Wauza mchicha walipuliza, makarani wa posta, wanakwaya, mafundi baiskeli, watu mia nne na kumi na wawili wenye afya zao, na kila mmoja aliandikwa maji yalishuka mpaka wapi. Wengine walimwita Daktari Beseni. Hakuona vibaya.

Alipomaliza, Profesa alilisoma jedwali lake mara mbili, akavua miwani.

"Hili ndilo litakalowekwa kwenye mashine," alisema. "Nchi nzima itapimwa kwa kazi ya mikono yako."

Siku ile Subilaga alirudi chumbani kwake akashindwa kula.

*

Uzinduzi ulifika. Zulia lilitandikwa kuanzia getini hadi kitanda cha kumi na nane, na wagonjwa walivalishwa fulana zenye picha ya mapafu yanayotabasamu. Mgeni rasmi alikuwa Mheshimiwa Waziri wa Hewa na Pumzi, mtu mkubwa kwa kila kipimo, aliyepanda ngazi tatu za jukwaa akipumzika kila ngazi kusalimia wananchi, hata pale ambapo upande ule hapakuwa na wananchi.

Hotuba yake iligusa watu. Alisema kwamba tangu uhuru wananchi wa Shangwe wamekuwa wakipumua kwa kukadiria. Kila mtu akijipumulia anavyojua, bila mwongozo. Enzi hizo zimekwisha. Kuanzia leo taifa linapumua kitaalamu, na serikali haitamvumilia mtu atakayeonekana akipumua kienyeji. Watu walipiga makofi, na wagonjwa waliokuwa na nguvu ya kupiga makofi walipiga.

Akakata utepe wa mashine. Madirisha hayakuwa kwenye ratiba.

Kisha, kwa kuwa kitu kilichozinduliwa lazima kitumiwe kwanza na aliyekizindua, Mheshimiwa akashika kibomba, akavimbisha mashavu, akapuliza. Mashine ikanguruma, ikatafakari, ikamlinganisha na watu wa kule ilikotengenezwa, ikatoa karatasi. Fundi wake, Bwana Kasimiri, mtu mkweli mwenye miwani mizito ambaye hakuwa amewahi kusoma kitu mbele ya watu, aliikaribia maikrofoni.

"Asilimia thelathini na moja," alisoma. "Hali mbaya. Alazwe."

Kwaya, iliyokuwa imeagizwa kuanza mara matokeo yakisomwa, ilianza, ikaishia njiani.

Hapo ndipo Profesa Kihwelo aliposimama. Moyo wa Subilaga uliruka kwa fahari. Alijua kitakachosemwa. Alikuwa nacho kwenye daftari, chini ya mstari wa rula.

Profesa alikohoa kidogo.

"Mheshimiwa Waziri," alisema, "mashine hii imetoka mbali na bado haijatufahamu. Imeulizwa swali kabla ya kufundishwa. Mashine hufundishwa kwa kupewa pumzi ya mtu mzima wa nchi husika, iishike iwe ndiyo asilimia mia. Sisi wataalamu tumetafuta pumzi hiyo muda mrefu." Akatua, akavuta hewa. "Naomba kutangaza kwamba imepatikana leo. Bwana Kasimiri, andika. Pumzi ya Mheshimiwa ndiyo mia."

Bwana Kasimiri alibonyeza vitufe. Mheshimiwa akapuliza tena, mashine ikatoa mia kamili, na kwaya ikaimba beti zote.

Subilaga alikuwa amesimama nyuma ya spika. Jedwali la watu mia nne na kumi na wawili lilikuwa mkononi mwake, ndani ya bahasha, maana aliambiwa alilete liwekwe kwenye mashine. Alimtazama Profesa akisubiri amtazame. Profesa alikuwa anapeana mkono.

Wiki iliyofuata Mheshimiwa alisafiri kwenda nchi za nje kwa ziara ya mafunzo ya miezi miwili. Kwa bahati hoteli aliyofikia ilikuwa na manesi na oksijeni.

*

Yaliyofuata yaliandikwa na magazeti yote, kwa hiyo hapa tutapita kwa haraka. Wodi ya Kifua ilipona asubuhi moja. Wagonjwa arobaini na mmoja walipuliza mmoja baada ya mwingine, na hakuna aliyepungua mia. Mama mmoja aliyekuwa akisubiri maji yatolewe kwenye pafu alipata mia na kumi, akapongezwa. Kufikia saa sita mchana vitanda vilikuwa vitupu, na saa nane Kitengo cha Sherehe kilihamia pale na viti vyake. Chuo nacho kikarekebisha mtaala. Somo la kusikiliza kifua likafutwa, na waraka ukaagiza stetoskopu zote zirudishwe stoo, kwa kuwa sikio la daktari halikuwa limezinduliwa.

Ahadi ni ahadi. Mzee Luhende alikuwa wa kwanza kupuliza, na Subilaga ndiye aliyemshikia kibomba. Karatasi ikasema mia na thelathini na tano.

Mzee aliigeuza mkononi. Hakujua kusoma, lakini alijua kutazama uso wa mtu.

"Mwanangu, hii karatasi inasemaje?"

Subilaga alimweleza. Alieleza polepole, akirudia, na kila alivyorudia maneno yalizidi kukosa maana. Kwamba karatasi inasema yeye ni mzima. Kwamba amemzidi Waziri. Kwamba kesho asubuhi lori la machimbo litakuja kumchukua.

Mzee alikaa kitandani, mabega yakipanda na kushuka.

"Na wewe unasemaje?"

"Mimi nasema unaumwa, baba."

"Haya." Alikunja karatasi mara nne akaitia kwenye mfuko wa fulana yenye mapafu yanayotabasamu. "Basi angalau tuko wawili."

*

Subilaga alikwenda ofisini kwa Profesa bila miadi. Profesa hakukasirika. Alimvutia kiti, akammiminia chai ya tangawizi kwenye kikombe chake mwenyewe, kama alivyofanya siku Subilaga alipofiwa na baba yake. Ukarimu ule ulimwumiza kuliko ambavyo ukali ungemwumiza.

Profesa alizungumza kwa upole, akisimama katikati ya sentensi kuvuta hewa. Alisema naye aliwahi kuwa na umri huo. Alisema idara ilikuwa ifungwe mwaka huu, na sasa haitafungwa. Itapewa hata jengo. Siku moja, watu wakishasahau, mashine itafundishwa upya kimyakimya, kwa jedwali lile lile la Subilaga. Alisema mtu akitaka kuokoa wengi hujifunza kungoja.

"Mzee Luhende hawezi kungoja," Subilaga alisema.

Profesa alifungua droo akatoa waraka wenye muhuri. Uliitwa Kiwango cha Pumzi cha Taifa, na ulisema kwamba pumzi ya Mheshimiwa imethibitishwa na utafiti wa watu mia nne na kumi na wawili. Chini, penye jina la mtafiti, paliandikwa Dk. Subilaga Mwaipopo.

"Nimekuwekea jina lako," Profesa alisema. "Wengine wangejiwekea la kwao. Mtihani wako ni baada ya wiki tatu, mwanangu. Ukishakuwa bingwa utanielewa."

Hakuwa anamdhihaki. Hilo ndilo Subilaga alilotoka nalo mlangoni na hakujua alitupe wapi: Profesa aliamini kabisa kwamba amempa zawadi.

*

Mtihani wa mwisho wa ubingwa Shangwe hufanywa mbele ya jopo. Mtahiniwa huletewa mtu, humchunguza, kisha huliambia jopo hali ya kifua chake. Siku ya Subilaga, jopo lilikuwa la watatu: Profesa Kihwelo akiwa mwenyekiti, Dk. Mbonea kutoka chuo kingine, na Afisa wa Wizara aliyekaa na kitabu cha maksi. Karibu nao ilisimama mashine, imevikwa bendera ndogo.

Mlango ukafunguliwa, akaingizwa Mzee Luhende. Alikuwa ameletwa kwa lori kutoka Mlima Mweupe kwa sababu, baada ya wananchi wote kupimwa, ilionekana hakuna mwenye pumzi iliyochapwa magazetini mara nyingi kama yake. Wizara ilimpa cheo cha Mapafu ya Mfano. Nyusi zake zilikuwa nyeupe kwa vumbi, na alitembea akishika ukuta.

"Mchunguze mzee huyu," Profesa alisema, macho kwenye karatasi zake. "Kisha utuambie."

Karatasi ya mashine ilikuwa mezani, mia na thelathini na tano. Alichohitaji Subilaga ni kuisoma kwa sauti. Miaka minne ya masomo, na mama yake aliyeshona gauni la mahafali kabla ya wakati, vyote vilikuwa upande wa pili wa kuisoma.

Alimgeukia mzee. "Shikamoo, baba. Vuta pumzi moja, uhesabu mpaka iishe."

Mzee Luhende alivuta. "Moja. Mbili. Tatu. Nne. Tano." Mishipa ya shingo ilisimama. "Sita."

Akainama, mikono magotini. Chumba kilimsikiliza akitafuta hewa.

"Hiyo si mashine," alisema Afisa.

"Kanuni ya kumi na saba ya mtihani," Subilaga alisema, "inamruhusu mtahiniwa kulinganisha mgonjwa na mtu yeyote mzima aliyemo chumbani. Naomba jopo lihesabu."

Kanuni ilitafutwa, ikapatikana. Afisa alihesabu kwanza, akafika arobaini na sita, akawatazama wenzake kama anayengoja kikombe cha ushindi. Dk. Mbonea alifika thelathini na nane. Ikabaki zamu ya mwenyekiti.

Profesa Kihwelo alimtazama mwanafunzi wake machoni kwa mara ya kwanza tangu siku ya uzinduzi. Angeweza kukataa. Labda ni mazoea ya miaka thelathini ya raundi yaliyomfanya akae wima na kuvuta pumzi. Alianza kwa sauti ile ile ya darasani. Kwenye kumi sauti ilikonda. Kumi na mbili. Kumi na tatu. Kwenye kumi na nne alishika kingo za meza, akakohoa, na kikohozi hicho hakikuwa cha chaki.

Hakuna aliyeandika.

"Mtahiniwa atoe jibu," Afisa alisema hatimaye.

"Mzee Luhende ni mgonjwa sana. Mapafu yake yamejaa vumbi la mawe. Akirudi kule atakufa, na mwaka hautaisha."

Jopo liliinamiana. Halikukawia. Mwenyekiti ndiye anayetia saini, na mwenyekiti alitia. Afisa akasoma: mtahiniwa amefeli, kwa kushindwa kutambua kifua kizima.

Mzee Luhende alikuwa bado anatweta. Alimvuta Subilaga mkono wa koti.

"Kumbe ulikuwa mtihani wako? Mbona hukuniambia, mwanangu. Ningejikaza kidogo."

*

Subilaga alisimama kwenye korido, mbele ya dirisha la kwanza la iliyokuwa Wodi ya Kifua. Ndani, Kitengo cha Sherehe kilikuwa kinapuliza maputo.

Alisikia hatua nyuma yake, na pumzi fupi alizozijua.

"Subilaga," Profesa alisema. "Ulisikia nini pale?"

"Kumi na nne, Profesa."

Profesa alitazama kushoto na kulia. Kisha akageuka, akampa mgongo. Stetoskopu zote zilikuwa stoo. Subilaga alitaka kuondoka, lakini alisogea. Aliweka sikio lake juu ya koti jeupe la mwalimu wake, kama alivyofundishwa naye, akasikiliza juu, katikati, chini, upande huu na upande ule.

"Kulia, chini," alisema. "Hakuna hewa inayoingia. Kimya kabisa. Inabidi utibiwe, Profesa. Leo."

Profesa alibaki amempa mgongo. Wote wawili walijua kwamba hapakuwa na wodi ya kumlaza, wala daktari wa kumwandikia, wala mashine ambayo isingempongeza.

"Usiandike," alisema, akaenda zake.

Subilaga alifungua daftari ukurasa wa kwanza. Chini ya sentensi iliyopigiwa mstari kwa rula, akaandika: *Luhende, sita. Kihwelo, kumi na nne.* Akaweka tarehe.

Kisha akashika utepe mwekundu wa dirisha. Hakuwa na mkasi. Aliukata kwa meno, akasukuma kioo, na dirisha, baada ya miaka yote ile, likafunguka bila tabu yoyote. Nje lori la machimbo lilikuwa linatoka getini. Mzee Luhende, amekaa nyuma juu ya magunia, alimwona akanyanyua mkono.

Hewa ikaingia. Ilikuwa nyeupe kwa vumbi.